Kukusanya sarafu za kumbukumbu za kisasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sarafu ya kumbukumbu ni ipi hasa?

Ni sarafu iliyotolewa kwa mamlaka ya nchi, aghalabu benki kuu, kuadhimisha tukio, mtu au jambo fulani, na imeandikwa thamani yake. Masharti hayo mawili lazima yakutane. Kipande cha mviringo chenye picha ya rais na maneno ya jubilei, lakini hakina jina la nchi wala kiwango cha fedha, ni medali. Vile vipande vya rangi ya dhahabu vyenye alama ya bitcoin vinavyouzwa mtandaoni ni vishaufu tu.

Ndani ya sarafu za kumbukumbu zenyewe kuna makundi yanayotofautiana sana. Ziko zilizoingia mifukoni mwa watu, kama sarafu ya shilingi 40 ya Kenya ya mwaka 2003. Ziko za metali ileile ya kawaida, ila ziliuzwa zikiwa ndani ya pakiti. Kisha ziko za madini ya fedha au dhahabu, ambazo hazijawahi kununua hata kiberiti. Kabla ya kutoa hela, jua unayotaka kununua ni ya kundi lipi, maana kila kundi lina soko lake.

Nianze na zipi, kama niko Afrika Mashariki?

Ushauri wetu ni kuchagua mada nyembamba inayoweza kukamilika. Mtu anayeanza na "kila kitu" huishia na kopo la sarafu zisizo na mpangilio. Mada nzuri na isiyo ghali ni jubilei za uhuru, na vipande vitano vinatosha kufungua albamu:

- Tanzania, shilingi 5 ya 1971, miaka 10 ya uhuru
- Kenya, shilingi 5 ya 1973, miaka 10, yenye pande tisa
- Tanzania, shilingi 20 ya 1981, miaka 20
- Kenya, shilingi 40 ya 2003, miaka 40, ya metali mbili, yenye picha ya Rais Kibaki
- Uganda, shilingi 1000 ya 2012, miaka 50, nayo ya metali mbili

Hiyo ya shilingi 40 huwapendeza wageni wa fani kwa sababu hakuna anayetarajia kiwango kama hicho. Miaka 40, shilingi 40, basi. Zilizotumika si adimu. Ukiitaka ya kukaa nayo, tafuta ambayo haijagusa mfuko: angalia shavu na nywele za picha, maana ndizo sehemu zilizoinuka na huanza kusuguka kabla ya nyingine. Ukiona pamefifia na kuwa laini kuliko uwanja (sehemu tupu isiyo na picha) ulio kando, imetumika, hata kama muuzaji anaiita mpya.

Shilingi 5 za Tanzania, zile kubwa zenye pande kumi, zote ni za kumbukumbu?

Hapana, na hapa ndipo wengi hununua ile ile mara tatu. Hii ndiyo "dala" ya zamani, ambayo kwa maelezo ya kawaida nauli yake ndiyo iliyoyapa mabasi jina la daladala. Umbo ni moja, lakini matoleo ni manne. Ya 1971 ni ya miaka 10 ya uhuru. Kuanzia 1972 hadi 1980 kuna toleo la mzunguko lenye mada ya chakula na kilimo, lililofungamana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Ya 1976 ni ya miaka 10 ya Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1966. Na ya 1978 ni ya mkutano wa FAO wa kanda ya Afrika.

Usitazame upande wa Mwalimu peke yake. Geuza, soma maandishi yote ya pembeni, kisha ndipo usome mwaka. Muuzaji akituma picha ya upande mmoja, omba wa pili. Na ukiipima kwa ajili ya kununua kapsuli (kijikasha cha plastiki cha kuhifadhia sarafu moja), pima kutoka kona hadi kona: ukipima ubapa kwa ubapa, kapsuli itakuja ndogo.

Zile za faru na twiga za 1974 zina nini cha pekee?

Ni sehemu ya mfululizo wa uhifadhi wa wanyamapori, ambao nchi nyingi zilishiriki. Tanzania ilitoa tatu: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye faru weusi, zote za madini ya fedha, na shilingi 1500 ya dhahabu yenye duma. Ile ya dhahabu ina uzito wa gramu 33.437 na usafi wa 900 kwa 1000. Zidisha 33.437 kwa 0.9 upate gramu 30.09 za dhahabu halisi, yaani karibu aunsi 0.97.

Mtego uko kwenye zile za fedha, kwa sababu kila moja ilitengenezwa kwa namna mbili na picha ni ileile. Toleo la prufu (lile linalong'aa kama kioo, ambalo tunalieleza kwenye swali linalofuata) ni la fedha ya usafi wa 925 kwa 1000: twiga gramu 28.28, faru gramu 35.00. Toleo la kawaida ni nusu fedha, nusu metali nyingine (usafi wa 500), na ni jepesi zaidi: twiga gramu 25 na ushei, faru gramu 31 na ushei. Faru wa prufu ana gramu 32.4 za fedha halisi, wa kawaida ana takriban gramu 16, yaani nusu. Wapo wanaouza wa kawaida kwa bei ya prufu, wengine kwa kutojua, wengine kwa makusudi. Mizani inamaliza ubishi kwa sekunde tano.

Prufu ni nini? Si daraja la ubora?

Prufu ni namna ya kutengeneza. Kiwanda hung'arisha mihuri na vipande vitupu kabla ya kugonga, kisha hugonga kila kipande zaidi ya mara moja. Matokeo yake uwanja hung'aa kama kioo na picha huwa na weupe wa ukungu. Prufu iliyoanguka sakafuni inabaki kuwa prufu, ila ni prufu iliyoharibika.

Chini yake kuna sarafu ang'avu zisizotumika, ambazo zimegongwa kwa uangalifu na kufungwa kwenye pakiti, na chini ya hizo kuna za mzunguko, ambazo hudondokeana kwenye mapipa ya kiwandani. Ndiyo maana sarafu iliyotoka moja kwa moja kwenye mfuko wa benki, ambayo hakuna aliyewahi kuitumia, inaweza kuwa na mikwaruzo. Haikutumika, ila imegongana na wenzake.

Nitajuaje kama ni ya fedha kweli?

Anza na sumaku, lakini usiishie hapo. Sumaku inakuambia tu kama ndani kuna chuma au nikeli tupu. Shaba-nikeli, ambayo ndiyo metali ya bandia nyingi, nayo haivutwi, kwa hiyo "haikushika sumaku" si ushahidi wa kitu.

Hatua ya pili ni uzito na kipenyo. Tumia mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 na kipimo cha vernia. Linganisha na takwimu rasmi za sarafu hiyo. Tofauti ya sehemu ndogo ya gramu inaruhusiwa, tofauti ya gramu nzima hairuhusiwi.

Hatua ya tatu ni ya maji, na ndiyo tunayoiamini zaidi kwa mtu asiye na mashine:

1. Pima sarafu ikiwa kavu. Andika uzito.
2. Weka bilauri ya maji yaliyochujwa kwa mvuke juu ya mizani, kisha rudisha mizani kwenye sifuri.
3. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, itumbukize yote majini ikiwa inaning'inia. Isiguse chini wala ubavuni.
4. Namba itakayosomeka ni ujazo wa sarafu. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Fedha ya 925 inatoa takriban 10.36. Fedha ya 500 iliyochanganywa na shaba inatoa karibu 9.7. Shaba-nikeli inatoa karibu 8.9. Kwa mfano, twiga wa gramu 28.28 akiwa halisi atasoma majini karibu 2.73, wa shaba-nikeli mwenye uzito huohuo atasoma karibu 3.18. Tofauti hiyo hata mizani ya bei nafuu inaiona.

Jaribio linapokosea, sababu ni zilezile kila mara: viputo vya hewa vimeganda kwenye maandishi (tikisa uzi taratibu), sarafu imegusa chini ya bilauri (hapo mizani itasoma uzito mzima), au feni ya darini inapuliza mizani. Prufu ambayo bado imo kwenye kapsuli yake isitolewe kwa ajili ya jaribio hili, maana tone moja likikauka juu ya kioo kile linaacha alama. Hiyo pima uzito na kipenyo tu, au mpelekee sonara mwenye mashine ya kusoma metali bila kukwaruza.

Je, cheti na kasha havitoshi kuthibitisha?

Cheti ni karatasi, na karatasi huchapishwa. Kasha na cheti vya asili vinaongeza bei wakati wa kuuza, kwa hiyo usivitupe, lakini haviithibitishi sarafu iliyomo.

Niisafishe kabla ya kuiweka?

Usiisafishe. Si kwa ndimu na chumvi, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno, si kwa Brasso. Vyote hivyo hufanya kazi kwa kula au kukwangua ngozi ya juu ya metali, na ngozi hiyo ndiyo anayolipia mnunuzi. Sarafu iliyosuguliwa hung'aa kwa mng'ao mmoja mfu, na ukiizungusha chini ya taa utaona mistari myembamba inayokwenda upande mmoja. Mkusanyaji mzoefu huiona akiwa upande wa pili wa meza.

Kinachoruhusiwa ni kuondoa uchafu usio sehemu ya metali: mafuta ya vidole, gundi, utelezi wa plastiki. Tumia asetoni safi ya maabara, ila si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta ndani yake. Mimina kidogo kwenye bilauri ya kioo (plastiki nyingi huyeyuka), loweka dakika chache, geuza, loweka tena kwenye asetoni mpya, kisha iache ikauke yenyewe juu ya kitambaa. Usifute. Fungua madirisha na uwe mbali na moto, maana mvuke wake unalipuka.

Weusi au rangi za upinde zinazoota juu ya fedha si uchafu. Ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani. Kuna wanaozilipia zaidi.

Naishi Mombasa, au Tanga, au Unguja. Sarafu zinaota kutu na ukijani. Nifanyeje?

Adui wenu ni wawili, chumvi ya hewani na unyevu. Sarafu nyingi za leo ni chuma kilichopakwa nikeli au shaba nyeupe au njano. Shilingi 500 ya Tanzania iliyotoka mwaka 2014 ni mojawapo. Palipokwaruzika hadi kwenye chuma, kutu huanzia hapo na kusambaa chini ya ngozi kama wino kwenye karatasi, na haurudi nyuma.

Weka kila sarafu kwenye kapsuli ya plastiki ngumu ya kipimo chake. Panga kapsuli ndani ya boksi la plastiki lenye mpira wa kuziba, na ndani tia pakiti za silika jeli zinazobadilika rangi. Rangi ikibadilika, pakiti zimeshiba: zikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo kama pakiti inavyoelekeza, au badilisha. Lifungue boksi siku kavu, si jioni ya masika. Kabati la mbao mbichi halifai, kwa sababu mbao hutoa asidi. Wala droo ya jikoni haifai.

Ukijani ni habari nyingine. Ukiwa laini na unanata, kwa kawaida chanzo ni plastiki ya PVC: zile kurasa za albamu nyororo, zenye harufu kama ya pazia jipya la bafuni. Plastiki hiyo huachia kemikali zinazokula shaba. Toa sarafu leo, zioshe kwa asetoni, tupa kurasa. Nunua kurasa na vikadi vilivyoandikwa kwamba havina PVC. Na ukitumia vikadi vya kubana kwa pini za stapla, lalaza ncha za pini kwa koleo, la sivyo kikadi kimoja kitakwaruza sarafu ya jirani.

Madoa meupe kama matone ya maziwa juu ya fedha safi yametoka kiwandani, kwenye mabaki ya dawa ya kuoshea vipande vitupu. Hujakosea kitu, na hakuna njia salama ya kuyaondoa.

Niliambiwa sarafu yangu ya Nyerere, au ya Mandela, inauzwa mamilioni.

Tuanze na ya Mandela. Randi 5 ya Afrika Kusini ya mwaka 2008, iliyotolewa Mandela alipotimiza miaka 90, iligongwa kwa mamilioni. Bei kubwa zilizovuma zilihusu vipande vichache vilivyopewa na kampuni za upimaji daraja la juu kabisa la ubora na kufungwa kwenye kasha, si ile iliyokaa kwenye chenji. Iliyotumika ni randi 5.

Kwa za Nyerere na Kenyatta, ujumbe huzunguka WhatsApp: kampuni inanunua sarafu za zamani kwa mamilioni, tuma picha. Ukituma, utaambiwa yako imekubaliwa, kisha utaombwa ada ya usajili, au ya cheti, au ya usafiri. Hapo ndipo biashara yao ilipo. Mnunuzi wa kweli anakulipa wewe. Ukitaka kujua bei, tazama minada iliyokwisha, bei ambayo mtu alilipa. Bei ambayo muuzaji ameandika ni ndoto yake tu.

Idadi ndogo iliyogongwa si ndiyo inayoleta thamani?

Inasaidia, pale tu wanaoitaka wakiwa wengi kuliko sarafu. Peni 50 ya Uingereza ya mwaka 2009 ya bustani ya Kew ilitoka vipande 210,000 na kuingia kwenye mzunguko, kwenye nchi ambayo maelfu ya watu hukusanya peni 50 kutoka kwenye chenji. Kwa hiyo inatafutwa, na kwa hiyo imeghushiwa sana. Mchoro wake ulirudi mwaka 2019 kwenye seti za wakusanyaji, kwa hiyo soma mwaka kabla ya kulipa. Kwa upande mwingine, zipo sarafu zilizotoka vipande elfu moja tu na bado zinauzwa kwa uzito wa fedha, kwa kuwa hakuna anayezingojea.

Nimeona sarafu za Rwanda na Somalia ambazo sijawahi kuziona huko. Ni halali?

Ni halali, ila hazikukusudiwa kwenda sokoni. Nchi hutoa kibali, kiwanda cha Ulaya hutengeneza, wafanyabiashara huuza kwa wakusanyaji duniani. Tembo wa Somalia wa aunsi moja ya fedha hutengenezwa Munich. Rwanda ina mfululizo wa faranga 50 wa aunsi moja ulioanza na sokwe mwaka 2008. Ni kazi nzuri ya mikono, na metali yake ni ya kweli. Zinunue kwa kuzipenda au kwa fedha iliyomo. Ukitaka historia ya nchi, mbili hizo hazitakupa kama sarafu chakavu ya mzunguko.

Kwa nini sarafu mpya za Kenya hazina picha ya rais?

Katiba ya 2010, ibara ya 231(4), inakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Matoleo ya Desemba 2018 yana twiga, faru, simba na tembo kwenye shilingi 1, 5, 10 na 20. Hivyo shilingi 40 ya Kibaki imebaki kwenye mlango wa zama zilizofungwa.

Sarafu za Kilwa je?

Hizo si za kisasa, na si za kununua kwa mtu aliyezichimba. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

Niko Ulaya au Marekani. Kuna za kuanzia bila gharama?

Ulaya, anza na euro 2 za kumbukumbu. Zilianza 2004, Ugiriki ikiadhimisha Olimpiki ya Athens, na utazipata kwenye chenji kwa thamani yake. Gramu 8.5, kipenyo milimita 25.75. Za Ujerumani zina herufi ya kiwanda: A, D, F, G au J, kwa hiyo mchoro mmoja ni sarafu tano kwa anayetaka zote. Kilele cha ghali ni ya Monaco ya 2007 yenye sura ya Grace Kelly, vipande 20,001. Hiyo usiinunue kwa mtu usiyemjua.

Marekani kuna robo dola za majimbo 50, tano kila mwaka kuanzia 1999 hadi 2008. Ukitaka za viwanda vya Philadelphia na Denver zote, utahitaji 100. Watoto huzimaliza kabla ya watu wazima.

Nipeleke sarafu ikapewe daraja?

Kampuni kama PCGS na NGC huipa sarafu namba kati ya 1 na 70, kisha huifunga kwenye kasha la plastiki. Ada, posta ya kwenda na kurudi, na bima vinaweza kuzidi thamani ya sarafu yenyewe. Kwa vipande vitano vya jubilei tulivyotaja juu, hailipi. Kwa duma wa dhahabu, inaweza kulipa. Ukinunua iliyokwisha kufungwa, andika namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha kwa mikwaruzo yake, kwa sababu makasha nayo hughushiwa, na walaghai hunakili namba halali.

Niandike nini kwenye daftari?

Nchi, kiwango, mwaka, tukio, metali, uzito ulioupima mwenyewe, kipenyo, hali, tarehe na bei ya kununua, na uliyenunua kwake. Piga picha ya pande zote mbili na ubavu, taa mbili kulia na kushoto, bila mwanga wa simu. Nakala moja ya daftari ikae mbali na sarafu, na mtu mmoja wa nyumbani ajue ilipo. Makusanyo mengi huishia kwa muuza vyuma chakavu kwa sababu warithi hawakuachiwa hata orodha.

Nikiuza kwa mtu wa mbali, nitumeje?

Soma kwanza masharti ya posta au kampuni ya vifurushi. Nyingi hazikubali sarafu, au huzikubali lakini hazifidii zikipotea. Sarafu ikiruhusiwa, ibane kati ya kadibodi mbili kwa gundi ya karatasi isiyoigusa, jaza nafasi zote kifurushi kisilie kinapotikiswa, na juu ya bahasha usiandike neno "sarafu" wala "dhahabu" popote ambapo si lazima kisheria. Kwenye fomu ya forodha andika ukweli. Piga picha sarafu ikiwa juu ya mizani, namba ikisomeka, kabla hujafunga, maana malalamiko ya "umenitumia nyingine" hukatwa na picha hiyo.